Akidi Ilitimia

Somo lenyewe tulilichukia kabla hatujalisoma. Sisi tulikuja chuoni kusomea uhasibu, halafu mwaka wa pili tukaambiwa lazima tupitie sheria ya makampuni, tutake tusitake, na asiyefaulu asahau shahada. Miaka ya tisini ilikuwa inamalizika, Maskati inajengwa kila pembe, na kila kijana mwenye kanzu iliyopigwa pasi na manukato ya kumtangulia mlangoni alikuwa anataka kuitwa mhasibu. Darasa zima lilikuwa na vichwa vilivyovimba. Changu kilikuwa kikubwa kuliko vyote, na nalisema mapema ili nisije nikaonekana nawacheka wenzangu tu.

Mwalimu wetu tulimwita Dokta, kama wanavyoitwa walimu wote wa vyuo huku, hata wale ambao udokta wao hakuna aliyewahi kuuona. Alikuwa na karatasi zake za manjano zilizokatika pembe. Yeye anasoma kwa Kizungu, sisi tunaandika. Ukimuuliza swali, hurudi nyuma ukurasa mmoja akausoma tena kwa sauti kubwa zaidi, na hilo ndilo jibu lako. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini hatusomeshwi sheria ya hapa hapa, ya wizara ya biashara iliyopo Khuwair, tunasomeshwa kesi za wafanyabiashara wa Ulaya waliokwisha kufa zamani. Dokta akamwambia mtihani hautauliza habari za Khuwair.

"Kampuni ni mtu," alikuwa akitwambia kila wiki. Loo! Mtu gani huyo hali, haoi, haswali, wala hafi mpaka aandikiwe barua? Lakini tuliandika.

Jambo moja tu ndilo lililokuwa likimpa uhai mzee yule, nalo ni mkutano. Hapo karatasi aliziweka chini. Kampuni haina mdomo, alisema, mdomo wake ni mkutano wa wabia. Waitwe kwa taarifa, wakae, idadi inayotakiwa itimie, na idadi hiyo ndiyo akidi. Wazungumze, wakate shauri, ndipo yaandikwe yaliyosemwa. Kama mkutano haukukaa, kilichoandikwa si chochote, hata kikiwa na saini za dunia nzima. Ilikuwa mara ya pekee nilimuona anasema kitu anachokiamini.

Nyumbani Ansab tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alifariki nikiwa msichana mdogo. Mama alikuwa na sehemu yake katika duka la cherehani lililopo Ruwi, ambalo babu alilifungua aliporudi kutoka Tabora. Babu alipokufa, duka likaandikwa kampuni, thuluthi mbili za mjomba, thuluthi moja ya mama, na mjomba akawa meneja. Mjomba cherehani hazijui. Ukimpa sindano atakuuliza kichwa chake kipi. Mama ndiye anayezijua. Siku tatu kwa wiki alikuwa akienda pale asubuhi, anakaa kwenye meza ya babu nyuma ya kabati la vipuri, anawaonesha wanawake walionunua mashine namna ya kupitisha uzi, anasikiliza mashine mbovu inavyolia na kusema ugonjwa wake kabla fundi hajaifungua. Siku za duka alikuwa akiamka anaimba. Siku nyengine alikuwa mjane tu, anangoja adhana hadi adhana. Nakwambieni hili mjue duka lile lilikuwa nini kwake.

Ijumaa moja, baada ya wali wa nazi na papa, mjomba akanikalisha sebuleni.

"Mwanasheria wetu!" akaniambia, mimi ambaye nilikuwa nimesoma miezi miwili. "Wizara inataka kumbukumbu za mkutano wa mwaka. Hebu tuandikie."

"Mkutano upi, mjomba?"

"Mkutano gani tena? Mimi nipo, mama yako yupo, si ndio huu?"

Mama alikuwa jikoni anakosha masufuria. Nikachukua kalamu. Sitajitia mtoto niliyedanganywa, nilijua ninachokifanya, na nilikifanya kwa raha zangu. Niliandika kwa Kiarabu kizito, nikifasiri maneno ya Dokta moja moja, kwamba mkutano ulifunguliwa saa kumi alasiri kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwamba wabia wote walihudhuria na akidi ilitimia, kwamba mbia wa pili, yaani mama, alitoa pendekezo la kumshukuru meneja kwa juhudi zake. Kumshukuru meneja! Mama alikuwa haishi kulalamika kuwa meneja haji dukani ila kunywa chai. Katika karatasi yangu alimpongeza, akaunga mkono, akapiga kura, akafunga mkutano kwa dua. Mjomba alisoma huku anatikisa kichwa kwa furaha.

"Wallahi, hata ofisi kubwa hazina hivi," akasema.

Mama akaja na mikono imerowa, akaifuta kwenye kanga. Kiarabu cha msahafu anakijua, cha wizara hakijui.

"Nnasaini wapi?"

"Hapa, mama."

"Umeandika wewe?"

"Mimi."

"Basi lete." Akatia saini yake ile ya taratibu, ya mtu anayeshona jina.

Miezi michache baadae ukafika mtihani. Swali la nne lilikuwa hili: wabia hawakukutana, lakini kumbukumbu zimeandikwa na kutiwa saini kana kwamba walikutana. Je, shauri lililoandikwa lina nguvu? Mtu mwenye haya angeona aibu. Mimi nilicheka peke yangu, nikajaza kurasa tatu. Halina nguvu, niliandika, halina hata kidogo. Mbia ambaye hakukaa mkutanoni anaweza kulikataa, na aliyeandika kumbukumbu za uwongo atajibu mwenyewe. Dokta alinipa alama zote za swali lile, akaandika pembeni kwa wino mwekundu neno la sifa, yeye ambaye sifa kwake zilikuwa adimu. Karatasi niliporudishiwa nilimpelekea mama. Kizungu hakijui, lakini alama nyekundu aliiona. Aliibusu, mama yangu, akaikunja ndani ya mfuko wa nailoni, akaifungia kabatini pamoja na paspoti zetu.

Mwaka wa mwisho wa masomo mjomba akaja tena. Safari hii mimi ndiye niliyemzidi. Yeye alitaka kumbukumbu kama za siku zote, nami nikaona kazi ndogo hiyo hainitoshi. Nilikuwa nimekwisha kuahidiwa kazi katika ofisi ya wakaguzi wa hesabu, na nilikuwa natembea kama jengo zima ni langu. Nikachomoa kifungu kutoka madaftari ya Dokta, kirefu, kizuri, chenye koma kumi: wabia kwa kauli moja wanampa meneja mamlaka kamili juu ya mali ya kampuni na mahala pake pa biashara, kupangisha, kukabidhi au kuacha, bila ya kurejea kwa wabia.

"Hiki cha nini?" mjomba akauliza.

"Makampuni makubwa yote yanacho," nikamwambia, mimi ambaye sijawahi kuingia katika kampuni kubwa hata kuuliza njia. Ujinga wa mtu asiyesoma unajulikana unapoanzia. Wangu ulikuwa umevaa miwani.

Mjomba alikisoma mara mbili. Akarudi kwenye neno kukabidhi akaliwekea kidole, kisha akamwita mama. Mama akaja, akauliza kama nimeandika mimi, akatia saini.

Haikupita miezi mitatu. Mama alirudi kutoka Ruwi kabla ya adhuhuri, naye siku za duka hurudi alasiri. Aliingia hajavua viatu. Amekuta makabati yapo nje kwenye joto, meza ya babu imelala ubavu kwenye baraza, na vijana wawili wanapima ukuta. Duka limekabidhiwa kwa muuza simu za mkononi.

"Kaka yangu kafanya nini?" aliniuliza. "Eti wewe, kafanya nini?" Hakulia. Ningependa kusema alilia.

Ijumaa ile mjomba aliitwa na akaja, na ule ndio ulikuwa mkutano wa mwanzo wa kampuni ile uliokaa kweli. Wabia wote walikuwepo. Mama hakwenda jikoni, alikaa kwenye kiti kilichoelekea mlango, amejifunga mtandio kama anakwenda matangani.

"Duka la baba umelitoa bila ya kuniambia," akasema.

"Dada, nilikwambia. Ulikubali mwenyewe." Mjomba akatoa karatasi mfukoni. Alikuja amejitayarisha, shetani yule. "Hii hapa, imepigwa muhuri Khuwair. Saini ya nani hii?"

Mama aliitazama saini yake. Akaitazama na hati ya mkono wangu iliyokuwa juu yake, ambayo anaijua tangu nilipokuwa najifunza kuandika ba na ta. Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

"Hebu nambie wewe uliesoma. Mimi sikukaa katika mkutano wowote. Nilikuwa jikoni. Sheria yenu inasemaje, mtu akiwa jikoni?"

Jibu nilikuwa nalo. Kurasa tatu nilikuwa nazo, kwa moyo. Ilikuwa niseme tu kwamba mkutano haukukaa, kwamba karatasi ile ni kazi yangu ya kubuni, na mama aende Khuwair akaikatae, mimi nimshike mkono. Mjomba naye alilijua hilo. Alikuwa ameikamata karatasi kwa mikono miwili na ananiangalia mimi, si mama, na kwa mara ya kwanza maishani nilimuona anaogopa. Lakini na mimi nilikuwa na barua ya kazi katika mkoba. Wakaguzi wa hesabu hawaajiri msichana aliyeghushi kumbukumbu. Nikamuona Dokta na wino wake mwekundu: aliyeandika atajibu mwenyewe.

"Mama," nikasema, "ukishatia saini, imekwisha."

Mjomba akashusha pumzi. Nilimchukia kwa pumzi ile kuliko kwa duka.

"Basi," akasema mama. "Wewe ndiye uliesoma." Akainuka kwenda kupika chai, na mjomba alibaki akainywa.

Meza ya babu tuliileta Ansab, haikupita mlangoni, ikakaa uani mpaka jua likaipasua. Mimi nilianza kazi, nikapanda cheo, na nimekagua kumbukumbu za mikutano za makampuni mengi. Nakijua kitu cha kubuni kwa kukitupia jicho tu, na sijawahi kumsamehe mtu hata mmoja.

Mama mpaka leo akija mgeni wa heshima hufungua kabati, akaitoa karatasi ile ya mtihani katikati ya paspoti na kumfungulia ukurasa wa swali la nne. Wageni wetu wengi Kizungu hawakisomi, na yeye hana haja wasome. Anawaonesha wino mwekundu kwa kidole chake cha kushonea.

"Hili swali," huwaambia, "mwanangu alilijibu lote."