Miguu Iliyofundishwa Kunyamaza

Mama alikuwa anapepeta mpunga nilipomwambia kwamba likizo ya Juni ninakwenda pwani na binti yangu, tukajifunze kupanda mawimbi. Ungo ukasimama hewani.

"Kupanda nini?"

"Mawimbi, mama. Unalala juu ya ubao, wimbi linakuja nyuma yako, unasimama, linakupeleka mpaka mchangani."

"Kijiji kizima hapa Katindiuka tunavuna," akasema, "wewe ndiyo kwanza unakwenda kupanda. Tena kwenye maji ya chumvi! Mwalimu mzima!"

Alicheka peke yake hadi makapi yakamwingia machoni. Mimi sikucheka. Tangu masika sikuwa nimetulia. Nilisahihisha madaftari nimesimama, nikawasha moto nikasahau kuinjika sufuria, nikafagia ua niliokwisha kuufagia.

Sababu nikueleze taratibu, maana asiyekulia kando ya mto Kilombero anaweza kuona ni jambo dogo. Sisi wa nyumba yetu hatukufundishwa kuogelea. Tulifundishwa kutoanguka. Kabla ya daraja, baba alikuwa akituvusha kwa mtumbwi kwenda upande wa Lupiro, kwa shangazi, na kila safari alirudia agizo lile lile: ukianguka, shika ukingo wa mtumbwi na unyamaze. Unyamaze mdomo, unyamaze na miguu. Mamba, alisema, hufuata kishindo. Likawa neno la nyumbani. Hata mtoto akichezesha miguu mezani aliambiwa, "Nyamaza miguu." Ni agizo zuri, sina ugomvi nalo. Lilituvusha salama.

Lakini masika yale mvua ilijaza ua wetu, maji ya kufika kifundoni tu, yakaingia jikoni. Nikamkuta binti yangu wa miaka minane juu ya stuli, magoti yamegusa kidevu, hasogei. Nikamwuliza anafanya nini.

"Nimenyamaza miguu, mama," akaninong'oneza.

Jikoni hapakuwa na mamba. Palikuwa na kandambili moja inaelea na kifuniko cha sufuria. Hofu ile niliitambua papo hapo, kwa kuwa ni yangu. Amenirithi macho, amenirithi paji la uso, na hiyo pia. Nikaona kwamba nisipoitoa kwangu kwanza, kwake haitatoka. Ndipo nikaanza kuhangaika usiku na mchana, mpaka nilipoona kwenye simu wanawake wa umri wangu wakiteleza juu ya maji katika mji mdogo wa pwani, wanaanguka, wanacheka, wanapanda tena.

Mji wenyewe ulikuwa barabara moja ya lami, msikiti, soko la samaki na nyumba chache za wageni. Aliyetufundisha alikuwa binti wa hapo hapo, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo. Mwanangu alikataa hata kugusa povu. "Mimi nakuangalia tu," akasema, akakaa kwenye mchanga mkavu, miguu ameikunja chini ya kanga.

Nikalala kifudifudi kwenye ubao.

"Linakuja, mwalimu! Piga miguu! Piga!"

Miguu yangu ikashikana kama kuni zilizofungwa kamba. Wimbi likapita chini yangu, likaniacha pale pale. Likaja jingine, nalo likaniacha.

"Mwalimu, umesinzia?"

"Kwetu ukipiga miguu unamwita mamba."

"Huku hakuna mamba."

"Mimi najua. Iambie miguu."

Alicheka hadi akameza maji. Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mikono ilifanya kila ilichoagizwa. Kutoka kiunoni kwenda chini nilikuwa bado nimo kwenye mtumbwi wa baba. Jioni nilizunguka chumbani, nikafungasha begi, nikalifungua. Basi la kurudi lilikuwa la Jumapili, na mwanangu alikuwa hajalowanisha hata kidole.

Asubuhi ya Jumamosi niligeuka kuangalia ufukweni nikamwona amesimama. Hakuwa anacheza. Alikuwa amekaza macho kwenye miguu yangu, kama anayesubiri kuona itafanya nini. Nyuma yangu wimbi lilikuwa linavimba. Nikapiga. Nilipiga maji kama mtoto anayegoma kuogeshwa, kulia, kushoto, kishindo cha kuwaamsha mamba wote wa Kilombero. Ubao ukanyanyuka, ukashika mwendo wake wenyewe. Kusimama sikusimama, nisikudanganye. Niliinua goti moja, nikapinduka, nikaibukia kwenye maji mafupi karibu na ufukwe, mchanga mdomoni.

Mwanangu alinikimbilia.

"Mama, umepiga kelele na miguu! Na hakuja!"

Kisha akatazama chini. Maji yalikuwa yamemfika magotini. Akaganda. Nilitamani kumshika mkono. Nikaitia mikono yangu chini ya ubao ili isimfuate. Akainua mguu mmoja, akauachia. Paa! Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akauinua wa pili.

Ndani ya basi nilimweleza vizuri, kwa sababu mto wetu ni ule ule na mamba wake ni wale wale: mtoni tunanyamaza, baharini tunapiga kelele.

Tulikuwa tumepita Sanje aliponiuliza, "Na kwenye karai?"

"Kwenye karai utaamua mwenyewe."

Nyumbani mama alikuwa ameanika mpunga kwenye turubai. "Haya, wakulima," akatupokea, "mlichopanda kimeota?"

Binti yangu alimwamkia, "Shikamoo bibi," akavua viatu, akaitoa nje stuli ile ile ya jikoni, akaikalia, akatumbukiza miguu yote miwili kwenye karai la maji lililokuwa uani. Akaamua. Maji yaliruka mpaka katikati ya turubai.

"Mpunga wangu jamani!" mama akapiga yowe. "Mwambie anyamaze hiyo miguu!"

Nikashika ncha mbili za turubai, nikalivuta likakae mbali na karai.