Saa za Kungoja

Kwa miaka kumi na saba alikuwa akilea watoto wasio wake katika nyumba zisizo zake, na katika sita ya mwisho alikuwa pia katibu wa chama cha wafanyakazi wa nyumbani. Wenzake walimwita Katibu, hata sokoni, hata msibani. Chama hakikuwa na ofisi. Kilikuwa na daftari, muhuri alioutunza ndani ya soksi, na darasa la chekechea walilopewa kila Jumapili alasiri, ambamo watu wazima walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu.

Walikuwa na desturi moja: barua yoyote ya chama ilisomwa kwa sauti mbele ya wote kabla ya kupigwa muhuri. Zamani mtu aliwahi kuwasemea bila kuwauliza, akawaomba waajiri wawape sare mpya. Sare walizipata. Walichokitaka, siku moja ya kupumzika, kikachukua miaka mitatu zaidi.

Alhamisi, mtoto wa mwajiri akiwa amelala, simu ililia. Ni afisa wa shirika lililokuwa likiwasaidia, akipiga kutoka nchi ya mbali. Serikali nyingi zilikuwa zimekutana huko kuandika mkataba wa kazi za majumbani, na vyama kama chao vilikuwa vimepewa dakika mbili za kusema ukumbini.

"Dada, hotuba nimeshakutumia. Gonga muhuri, piga picha, nirudishie. Mwisho kesho saa sita mchana."

Aliisoma amesimama kando ya jiko. Ilikuwa nzuri, imenyooka kama shuka lililopigwa pasi. Ilitaja heshima, ilitaja utu. Haikutaja kungoja: zile saa ambazo kazi imekwisha lakini huwezi kuvua viatu, maana mtoto ataamka, au mwenye nyumba atarudi akitaka kufunguliwa geti.

"Wenzangu hawajaisikia," alisema.

"Si utawasomea Jumapili?"

"Hapo nitakuwa nawasomea, au nawatangazia?"

Afisa alicheka, si kwa ubaya. "Katibu, mkutano wa dunia hauendi kwa ratiba ya chekechea."

Ijumaa ilipofika saa sita alikuwa anamenya viazi. Muhuri ulibaki ndani ya soksi.

Jumapili aliisoma. Mpishi waliyemwita Bi Chumvi aliinua kidole kama mwanafunzi. "Maneno matamu. Mimi nimo wapi humo?"

"Ungegonga tu, Katibu," mwingine alinung'unika. "Sasa tumekosa mwana na maji ya moto."

"Sisi tulikosa lini? Tulipewa sare," Bi Chumvi akamjibu, na darasa zima likacheka, hata aliyenung'unika.

Walibishana mpaka mlinzi akaanza kutikisa funguo. Wakafuta karibu yote, wakaacha sentensi moja waliyoitunga wenyewe: muda ambao mfanyakazi hana ruhusa ya kutoka wala kulala ni muda wa kazi. Mikono thelathini na mmoja ikapanda. Akagonga muhuri, akatuma.

Afisa hakujibu hadi Jumatano.

"Dakika mbili walipewa wengine," alisema. "Ila nilichapisha sentensi yenu, nikasimama nayo mlangoni wakati wa chai. Mjumbe wa nchi moja ndogo aliisoma mara mbili, akaingia nayo ndani."

"Imepita?"

"Imewekwa kwenye mabano. Ndivyo wanavyofanya wakishindwa kuelewana. Haijakubaliwa, haijafutwa. Watairudia mwakani."

Katibu alivuta kiti, akakaa. Mwaka mzima. Alifikiria jinsi atakavyolieleza jambo hilo kwa watu waliozoea kuambiwa ndiyo au hapana.

"Waliokataa ni akina nani?"

"Nchi tisa. Unazitakia nini?"

"Jumapili wataniuliza." Alifungua daftari, akatafuta kalamu. "Na nchi yetu imo?"

Upande wa pili zilisikika karatasi zikifunuliwa.

"Imo, dada."

"Basi anza na hiyo," alisema. "Na jina la aliyetusemea huko bila kutuuliza."