Mbavu za Gichiaro

Siku hizi ukitaja gichiaro, vijana hudhani ni jina la hoteli. Sisi tulizaliwa tukaikuta. Ukoo wako na ukoo mwingine, pengine wa mbali kabisa, walikula kiapo zamani, na tangu hapo hamwezi kudanganyana wala kunyimana. Ukichinja mbuzi na mtu wa gichiaro akatokea, mbavu ni zake. Akikuuliza jambo, unamwambia kweli. Tuliogopa kuivunja, na woga ule ulitulinda kuliko sheria zote zilizokuja baadaye.

Jirani yangu Gitobu aliiamini mpaka ikamtoa kazini.

Hakwenda chuo. Alikuwa karani wa parokia, akajifunza kompyuta kwa kuiharibu na kuitengeneza, kama mimi nilivyojifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia nyama. Ushirika wetu wa maziwa uliponunua kompyuta yake ya kwanza, yeye ndiye aliyeiandikia programu. Maziwa yakipimwa kwenye kituo chochote, kilo zilikwenda kwenye seva ya ofisini, na risiti ilitoka kabla mwenye mkebe hajarudisha kifuniko. Zaidi ya miaka kumi tulipeleka maziwa hivyo, na wanawake wa foleni walimjua Gitobu kuliko walivyomjua mwenyekiti.

Kisha seva ikazeeka, kamati ikanunua nyingine. Ile ya zamani ilikuwa ya biti thelathini na mbili, hii mpya ya sitini na nne. Wakaanza kunong'ona kwamba programu ya Gitobu ni ya enzi ya mashine nyembamba, haitaweza kwenye mashine pana, afadhali inunuliwe ya kampuni moja ya mjini Embu.

"Wanababaika bure," Gitobu aliniambia tukiwa kwenye ua. "Mashine mpya inaielewa lugha ya ile ya zamani bila mkalimani. Barabara ikipanuliwa, pikipiki hupunguza mwendo?"

Yeye na kamati wakakubaliana wajaribu asubuhi moja. Maziwa yakipita bila kuchelewa, programu inabaki na Gitobu anabaki nayo. Yakikwama, wote wawili nje.

Aliyetumwa kuiandaa seva mpya alikuwa kijana wa Siakago aitwaye Kiambi, wa kampuni hiyohiyo. Waliposalimiana na kuulizana koo, wakajikuta ni gichiaro. Gitobu alimkumbatia, akampa ufunguo wa ofisi, akaenda zake kukamua.

"Umekagua alivyoiweka programu yako?" nilimuuliza kesho yake.

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. "Nimkague gichiaro yangu? Si hiyo ni kumwambia ni mwizi?"

Kwa desturi yetu alikuwa na haki kabisa.

Asubuhi ya majaribio foleni ilifika barabarani. Mkebe wa kwanza ulipimwa, tukangoja risiti. Tukangoja tena. Jua likapanda juu ya migomba.

"Wee Gitobu!" Makandi alipiga kelele akiwa amekalia mkebe wake. "Hiyo kompyuta yako imeenda kanisani? Maziwa yangu yataganda hapahapa!"

"Mwache," akadakia mwingine, "anatutengenezea mtindi bila malipo."

Watu walicheka, lakini maziwa ya waliokuwa nyuma yaliharibika kweli, na lori likaondoka nusu tupu. Gitobu alisimama dirishani jasho likimtoka. Kiambi alikuwa pembeni akitikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu aliye matangani. Kamati ilikaa palepale, ikaamua.

Gitobu aliambiwa akabidhi ofisi. Alipokuwa akiitoa programu yake kwenye seva ndipo alipoona. Kiambi hakuiweka kwenye mashine mpya hata kidogo. Alikuwa ametengeneza kompyuta ya kuigiza ndani ya ile ya kweli, akaipa kumbukumbu kiduchu, akaifungia programu humo, kila neno litafsiriwe kwanza ndipo lifanyiwe kazi. Gitobu aliitoa humo, akaiweka juu ya mashine yenyewe, akaniita nishuhudie. Akaipitisha hesabu ya asubuhi nzima. Ilikwisha nikiwa bado natafuta miwani mfukoni.

Alimwita mwenyekiti naye aone. Mwenyekiti hakuketi. "Watu walishaona kwa macho yao, Gitobu. Na mkataba umeshatiwa sahihi."

Basi akampigia Kiambi simu mbele yangu, sauti ikiwa wazi.

"Gichiaro, nakuuliza kama gichiaro. Uliifungia programu yangu ndani ya nini?"

Kicheko. "Aii, mzee wangu, hayo ni mambo ya guka, ya babu zetu. Mimi niko kazini."

"Guka wako na wangu waliapa. Njoo useme mbele ya kamati ulichofanya. Sitaki kingine."

"Nikisema nitakula nini? Wee pumzika, upalilie kahawa." Simu ikakatika.

Gitobu aliendelea kuishika mkononi. Nadhani alikuwa anangoja kijana aogope.

Mwezi wa kumi na mbili wakwe walikuja kwa ajili ya binti yake Winrose, mbuzi akachinjwa. Nyama ikiwa bado motoni, Kiambi akaingia langoni. Sasa alikuwa akifika kwetu mara kwa mara kuihudumia programu ya kampuni yake.

"Gichiaro!" akaita kwa sauti ya kusikika na wakwe. "Harufu imenishika nikiwa barabarani. Mbavu zangu ziko wapi?"

Wageni walifurahi, wakasema kumbe bado kuna vijana wanaojua mila. Gitobu alizikata mbavu zote, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Chukua. Ni haki yako. Sasa niambie lile nililokuuliza."

Kiambi alitafuna, akafuta midomo kwa kiganja. "Leo ni sherehe, mzee. Tusiiharibu." Akatazama huku na huku. "Chumvi iko?"

Gitobu akaenda kumletea chumvi. Mimi nikachukua fimbo yangu, nikarudi nyumbani bila kula.