Makofi ya Kiholanzi

Doha kwangu ni sauti ya makofi. Si makofi ya ngoma wala ya kushangilia. Ni mikono ya mama yangu ikigongana na mikono ya mtoto wa watu, katika jiko lililonukia iliki na sabuni ya sakafu, kiyoyozi kikinguruma dirishani. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili tulikaa Umm Salal, nje ya mji. Baba alikuwa dereva wa basi la shule, mama akifanya kazi za ndani kwa Waholanzi pale mjini, Al Sadd. Nikitoka darasani baba alinishusha kwao, nami nikaketi jikoni kumsubiri mama amalize kazi tuondoke. Naye hamalizi! Binti yao Femke ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusoma, na mama yake alimwachia mama yangu kadi za picha na maagizo: kila neno lipigiwe makofi, kofi moja kwa silabi moja.

Waholanzi hawana shida na "ya" wala "cha" ya kuunganishia. Wanayagandisha majina mawili yakawa moja refu. Hand ni mkono, schoen ni kiatu, basi handschoen ni kiatu cha mkono, yaani glovu. Glovu, na joto lile la Doha, jamani! Slaapkamer ni chumba cha kulala, ila kwao kulala kunatangulia na chumba chenyewe kinakaa mkiani. Na kugawa kuna sharti: kwanza unalikata neno pale lilipoungwa, ndipo unavunja kila kipande. Slaap-ka-mer, makofi matatu, na Femke anacheka mpaka anamwangukia mama kifuani. Nyumbani nikimwomba tupige japo "ka-ra-nga", ananijibu, "Zuhura mwanangu, mikono inaniuma. Kesho." Kesho yenyewe haikufika. Wivu uliniwasha kama upupu. Husemwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa mzazi aliyeazimwa naujua mimi.

Nikaazimia kumrudisha mama kwa maneno yaleyale. Nilizijua kadi zote kwa kusikiliza tu, nikijifanya nasoma vitabu vyangu. Siku moja Femke akaokota kadi ya avondeten, chakula cha jioni, akapiga makofi yake: a-von-de-ten. "Siyo!" nikaruka. "Avond ni jioni, eten ni chakula. Unakata pale yalipoungwa! A-vond-e-ten!" Mama akanitumbulia macho, nikajua leo nimempata. Femke akaangua kilio. Na mama, mama yangu mzazi, akampakata yule! "Basi, basi, kipenzi," akimpangusa kamasi, na mimi nimesimama hapo na ushindi wangu, hakuna hata wa kunipa hongera.

Sasa tuko Tanga. Mama anaishi kwangu. Namkanda miguu, nampikia uji, ni wangu kutwa kucha, wala hakuna mtoto wa watu wa kugawana nami muda wake. Nilidhani nimepona. Mwaka jana Femke, mwanamke mrefu mwenye kazi yake, akaja kumsalimia, anaongea Kiswahili cha kwetu alichofundishwa na mama, na mama akamkimbilia kwa magoti yale anayoniambia hayakunjuki! Nilichemka. Jioni tulikuwa wawili tunaosha vyombo, Femke akaniambia bila kunitazama, "Zuhura, mimi nilikuwa nakuchukia. Kila siku jua likizama, Mama anavaa buibui, anakushika mkono, mnaondoka. Mimi nabaki dirishani nalia, na nyie hamgeuki."

Mkono ule nilikuwa nimeusahau kabisa. Miaka yote nimehesabu makofi ya mwenzangu, huo wangu sikuuhesabu. Mtu mwema angemhurumia pale pale. Mimi nilisikia raha, Mungu anisamehe, raha tupu inanipanda kutoka miguuni. Nikafunga bomba ili nisikie vizuri.

"Hebu rudia," nikamwambia.