Binti wa Kocha Hapigiki

Kocha wa ngumi waliyembandika jina la Jicho alikuwa na somo moja tu, na alilirudia mpaka wanafunzi wakamchoka: usiangalie mkono, mkono ni mwongo, angalia bega. Kabla ngumi haijaja, bega hujiandaa na pumzi hukatika. Katika ukumbi ule wa bati unaonuka jasho na glovu kuukuu, hakuna aliyewahi kumshtukiza.

Aliyemshinda kumfundisha ni bintiye wa pekee. Alikuwa mzito, anapigwa huku anacheka, mpaka babaye akasema huyu hata mvua itamlowesha akiwa ndani. Akaolewa na muuza vifaa vya ujenzi, kijana mpole ambaye shikamoo haimkauki mdomoni.

Ndoa ikiwa bado changa, binti alirudi nyumbani akasema mume ana mkono mwepesi. Kocha alikuwa na mashindano kichwani.

"Ndoa ndiyo hiyo, mwanangu. Msome mwenzio. Ukijua hasira yake inavyokuja, haitakukuta."

Akamsindikiza hadi kituoni, na eti akajiona mtu wa busara!

Jumamosi moja binti alipita ukumbini kusalimia. Wanafunzi wakamchokoza avae glovu, amwonje mzee. Kocha akarusha ya kushoto kwa mzaha, ikapita hewani. Akarusha ya kulia, hewa tena. Akamhadaa kwa macho, akaileta nyingine toka chini. Bega likitikisika tu, binti keshasogea. Wala hacheki. Vijana wakapiga makofi, kocha naye anachekelea kama kashinda mkanda.

"Nani kakufundisha hivi, mama?"

"Si wewe, baba? Uliniambia nimsome."

Kicheko kikamkauka. Wakati huohuo mume akatokea mlangoni, akaamkia kwa adabu, akainua mkono kumwita mkewe. Kumwita tu. Mkono haujafika hata usawa wa kifua, binti alikuwa ameshainama, uso kaufunika kwa glovu.

Safari hii Jicho aliona. Aibu ikamwingia mpaka kwenye mifupa. Akamshika bintiye kiwiko.

"Leo huendi kokote."

Binti akavua glovu, akamwekea babaye mikononi.

"Usijali, baba. Siku hizi hanipati kila mara."

Akatoka, akitembea nyuma kidogo, macho kayakaza kwenye bega la mumewe.