Sina Mahali, Sina Mahari

Juzi nilishuka stesheni ya Ruiru, na kabla sijavuka reli harufu ya maganda ya kahawa ikanishika kooni. Wewe uliyekulia huku unaijua: tamu kidogo, chachu kidogo, kama uji uliosahauliwa kibuyuni. Nilisimama kama mtu aliyeitwa jina. Watu walinipita na mizigo yao, nami nimesharudi miaka ya hamsini, kwenye shamba la kahawa ambako nyumba za wafanyakazi zilipangwa kwa safu, na ukuta wa chumba chako ndio uliokuwa ukuta wa mwenzako.

Asubuhi tuliamshwa na nyapara akigonga kipande cha reli kilichoning'inia mtini. Mama alienda kuchuma, debe likimgonga pajani, nami nikateremka mtoni kuteka maji kabla ya shule. Jioni safu nzima ilinuka moshi na githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, isipokuwa mlango uliofuata wetu. Pale aliishi mtu wa magharibi ya nchi na mke wake, aliyesonga ugali na kupika mrenda, na sisi watoto tulijua kuchelewachelewa hapo mpaka tuitwe. Tulimwita Jirani tu. Alikuwa na gitaa lenye nyuzi nne badala ya sita, na alilipiga kana kwamba hizo mbili hazikuwahi kuhitajika.

Ilikuwa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikitubana Wakikuyu wote. Baba mdogo, aliyemfuata baba kuzaliwa, alikuwa akiishi Thika, upande wa Makongeni. Mchana kiwandani, Jumapili na kodiani yake, akipiga nyimbo alizozitunga mwenyewe popote alipoalikwa. Hakuwa wa bendi yoyote. Siku moja alirudi kutoka kazini akakuta vyumba vya Wakikuyu vimefungwa kufuli na askari wamesimama mlangoni. Alikuja kwetu na kodiani mgongoni, imefungwa kwa blanketi kama mtoto. Mimi ndiye niliyemfungulia. Nilipewa jina la nyanya, mama yao, kwa hiyo yeye na baba waliniita Maitu, yaani mama yangu.

"Maitu, fungua," alisema nje. "Sina mahari pa kwenda."

Mahari, alisema, sio mahali. Kwetu r na l zilikuwa kitu kimoja, ulimi ukachagua uliyoipenda siku hiyo. Nilielewa. Nikafungua.

Alipata kibarua palepale shambani, na wimbo alianza kuutunga kazini, akigeuza kahawa juani kwa reki ya mbao. Ile kwaruza, kwaruza, kimya ndiyo iliyokuwa mapigo yake. Jua likitua sisi tulitakiwa tuwe ndani, Wakikuyu wote, lakini Jirani hakubanwa na amri hiyo. Angeweza kwenda kokote. Alibaki chumbani kwake, akaegemeza gitaa ukutani, akabisha mara mbili. Baba mdogo akafungua kodiani upande wetu. Hivyo ndivyo walivyofanya mazoezi, hawaonani, udongo mkavu ukidondoka kati yao. Mmoja akitupa kipande cha sauti, mwingine anakidaka. Mama alilalamika kwamba vumbi linaingia kwenye githeri, lakini mguu wake ulikuwa ukipiga sakafu.

Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi. *Mama fungua mlango, sina mahali. Nimetembea hata jua limechoka, sina mahali.* Nilijua mama ni nani. Sijawahi tena kujivuna vile.

Jumapili moja wakaupiga kwenye uwanja wa kuanikia kahawa, watu wa safu zote wamekusanyika. Baba mdogo alifumba macho akaimba kwa moyo wake wote: "Mama fungua mlango, sina mahari!"

Kicheko kililipuka kama mahindi kwenye kikaango.

"Ngai! Huna mahari na unabisha hodi?" akapaza sauti bibi mmoja. "Rudi ukachunge mbuzi za watu, kijana!"

Baba mdogo alifumbua macho. Kodiani ilianza kuishiwa pumzi mikononi mwake. Na hapo Jirani, rafiki yake, badala ya kunyamaza, akaruka mbele na gitaa: "Ng'ombe wangapi?" Umati ukajibu, "Hakuna!" "Ng'ombe wangapi?" "Hakuna!" Wakacheza mpaka vumbi likafunika vitanda vya kahawa. Mimi nililia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Tangu siku hiyo Jirani akibisha ukutani hakujibiwa. Mama alipeleka viazi vitamu, mke wa Jirani akaleta mboga. Wanawake waliendelea kama kawaida, wanaume wakapitana kama watu wasiojuana. Kisha habari ikafika kwamba mtu wa santuri kutoka Nairobi yuko Thika na mtambo wake wa kunasia sauti, na anautaka ule wimbo wa mahari, na yule wa ng'ombe aje pia.

"Ukiingia kwenye santuri hivyo, utabaki hivyo," baba mdogo alimwambia baba. "Nimenyang'anywa chumba. Hata kulia kwangu kuwe mzaha?"

Akanigeukia. "Maitu, nifundishe."

Mwalimu wetu alitoka pwani, na alikuwa ametuchapa mpaka l na r zikaachana. Nikamwonyesha baba mdogo: ulimi unagusa nyuma ya meno, unatulia, hautetemeki. Alijaribu akibeba kuni, akajaribu tena akila, mahari, maha-ri, mahali, mpaka githeri ikamtoka mdomoni. Na kutoka upande wa pili wa ukuta tukasikia mtu akicheka.

"Cheka tu!" baba mdogo akafoka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa ukuta ule tangu ile Jumapili. "Wewe unayemwita baba yako papa!"

"Nami mwenyewe sijui papa ni nani siku hizi," Jirani akajibu, na kweli b yake ilitoka p kila mara, ila ikitanguliwa na m. Kisha sauti ikashuka. "Pwana, hukuona nani alisimama karipu na mizani? Homgadi, askari wa serikali. Mkikuyu anaimba hana mahali, yule atauliza: nani amekunyima? Nilikupa ng'ombe upate kurudi nyumbani."

Baba mdogo aliweka mkono juu ya udongo wa ukuta.

"Sasa niimbe upuzi?"

"Imba yako. Mimi nitauliza ng'ombe. Wa kusikia atasikia."

Baba alitutafutia ruhusa ya safari kwa nyapara, na tukapanda gari moshi watatu: baba mdogo, Jirani na mimi. Mtambo ulikuwa nyuma ya duka la nguo, na magunia yamefunika madirisha kuzuia kelele za barabarani. Baba mdogo aliniweka mahali anapoweza kuuona mdomo wangu. Akavuta kodiani, akaimba, na neno likatoka safi kama maji ya kisima: mahali.

Mtu wa santuri akainua mkono. "Ngoja, ngoja. Si ni mahari?"

Baba mdogo akakaza taya. Nilijua hatalirudisha neno, hata wakitufukuza. Ndipo Jirani akapiga kelele ya kicheko.

"Ah, posi! Ni ulimi wa Mkikuyu huo! Akitaka r inatoka l. Utamkomesha leo?"

Yule mtu akacheka mpaka akafuta macho. "Haya, endeleeni."

Wakaendelea. Mmoja akaomba mlango, mwingine akauliza ng'ombe, na santuri ikabeba yote mawili. Iliposikika kwenye maduka ya Ruiru vijana walicheka na kujibu "Hakuna!" Lakini niliwahi kumwona mama mmoja muuza ndizi, ametua kikapu, amesimama nje ya duka mpaka mwisho, midomo yake ikifuata neno lile moja.

Safu zile zimebomolewa. Santuri yetu ilivunjika tukihama, na sijaipata nyingine. Jirani alirudi kwao magharibi na gitaa lake la nyuzi nne. Baba mdogo alipata kishamba Gitothua, akajenga nyumba ya mawe, kuta nene, kila chumba kimya. Kodiani anaifuta vumbi lakini haipigi. Nilimuuliza mbona hatungi tena.

"Maneno yapo, Maitu," alisema. Ulimi wake ulikuwa umesharudi kwenye mazoea. "Rakini nikiimba, nani atauriza ng'ombe?"