Msimu Tuliopukuchua Mahindi na Mwalimu Jerop

Harufu ya mahindi yaliyoanikwa juani hunirudisha Kapsoya, nilipokuwa na miaka tisa na mdogo wangu Nekesa sita. Nekesa alizaliwa kiziwi. Shule yetu ya msingi ilikuwa na darasa moja la watoto viziwi, na roho ya darasa hilo ilikuwa Mwalimu Jerop, msaidizi aliyekuwa kiziwi mwenyewe, aliyewafundisha wadogo lugha ya ishara. Kisha serikali ikapunguza matumizi, na mshahara wake ukawa wa kwanza kufyekwa. Mwalimu mkuu alimwita mama, akaongea huku akiangalia meza: "Mama Nekesa, pesa ya msaidizi imekatwa. Kaa na yeye nyumbani kwanza, tutaona." Mama alilia njia nzima. Nekesa ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuuliza maswali, na sasa angebaki kututazama midomo tu, mgeni katika nyumba yake.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Jerop alitokea uani kwetu na watoto wengine wanne. Aliketi kwenye turubai, akachukua hindi, akaanza kupukuchua nasi, na darasa likaanza. Sisi kwetu tulikuwa hodari wa domo. Vidole vikifanya kazi, mdomo ulipiga umbea. Mama akajaribu kutumia ishara hivyo hivyo, hindi mkononi, ikawa ni kama mtu anayeongea na ugali mdomoni. Mwalimu Jerop alimwondolea hindi mkononi kwa upole, akaliweka chini, akamngoja. Tangu hapo, mwenye neno aliacha kazi kwanza. Kazi ilichelewa mno, na baba alinung'unika kwamba mahindi yataota pale pale kwenye turubai. Lakini kufikia Desemba hata yeye alikuwa akitania kwa mikono, vibaya sana, na Nekesa akimcheka. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami sijaona rafiki kumzidi mwanamke yule. Darasani hakurudishwa kamwe. Aliishia kufulia watu nguo mjini.

Leo Nekesa ni mwalimu msaidizi wa viziwi huko Pioneer. Mwaka huu bajeti imepunguzwa tena, naye amepewa barua ya kuachishwa kazi. Kesho yake alivaa, akaenda darasani kama kawaida. Namwonea fahari, na hasira pia ninayo. Juzi nilimuuliza atavumilia hadi lini bila mshahara. Aliniambia kwa mikono kwamba ana mtoto mmoja wa miaka minane ambaye wiki hii, kwa mara ya kwanza, ameuliza mama yake anaitwa nani.